Maswali ya Wasomaji: Mbayuwayu wa Matema wanaenda wapi?

SWALI: Habari za kazi. Naishi Kyela, karibu na Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu mbayuwayu wanajaa kwenye nyaya za umeme, alafu baada ya wiki chache siwaoni tena. Jirani yangu anasema wanaenda Ulaya, ni kweli? Na nikitaka kuwafuatilia pale ufukweni nianzie wapi, maana sina darubini. (Dada wa Matema)

JIBU: Dada, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), swali lako limenifurahisha sana. Jirani yako yuko sahihi. Huku kwetu mvua ya masika inapiga, kule kaskazini theluji ndo inayeyuka na wadudu wanaanza kutoka, kwa hiyo wanarudi kwao kutaga. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi tu lakini wale wanaotoka Afrika Kusini mpaka Uingereza wanapiga karibu kilomita 10,000, na wengine wanapita hapohapo kwako.

Ila sio kila mbayuwayu ni msafiri. Huyo wa kwenda Ulaya ana koo jekundu lililokolea na mkanda mweusi wa bluu kifuani, na mwezi wa tatu ndo anapendeza kuliko wakati wowote maana ametoka kubadilisha manyoya, mkia una zile nyuzi mbili ndefu. Ukiona mwenye koo jeupe na kikofia cha rangi ya kutu kichwani, anayezungukazunguka madarajani, huyo ni mwenyeji na hana safari.

Darubini ikipatikana sawa, isipopatikana anza na masikio, na kwa kweli mimi nawashauri watu wote waanze na masikio. Keremkerem wa Ulaya kwa mfano utamsikia kabla hujamwona, wanapita kundi zima juu sana wakiitana pruu, pruu, sauti laini ya kuviringika, ukiinua kichwa ndo unawaona wakiteleza kuelekea kaskazini. Alafu kuna kandege kadogo ka kijani-njano, gramu kama 10 tu, kanakokaa juu ya miti kakitafuta wadudu, karibu na kuondoka kanaanza kuimba, wimbo unaoanza juu unashuka taratibu mpaka unapotea, utakasikia hata kwenye miembe ya nyumbani, na kanasafiri usiku kwa usiku mpaka Ulaya na Urusi.

Pale ufukweni penyewe tafuta vitwitwi. Nenda alfajiri kabla mitumbwi haijarudi na watu hawajajaa, kaa sehemu mto unapoingia ziwani, utamwona mmoja anatembea kwenye mchanga huku nyuma kunatikisika juu chini bila kupumzika, ukimkaribia anaruka chini chini juu ya maji akilia twii-wii-wii. Hao wengi wanasafiri usiku, kwa hiyo kukiwa kimya toka nje usikilize, unaweza kusikia sauti zao zikipita gizani juu ya ziwa. Na asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku usikose kabisa, maana mvua inaweza kuwashusha.

Korongo weupe usiwasubiri ufukweni, wao wanapanda na hewa ya moto inayoinuka kutoka nchi kavu, ndo maana hata baharini hawapendi kuvuka, wanazunguka kupitia Misri na Israeli. Watafute mashambani, huko Usangu na kwingine, na tafadhali waambie watu wasiwafukuze, wanakula viwavijeshi hao.

SWALI: Mimi niko Makete. Wale mbayuwayu wa bluu wa Kitulo nao wanaenda Ulaya? (Msomaji, Makete)

JIBU: Hapana, hao ni wa Afrika tupu. Kwenu ndo kwao pa kuzalia, wanakuja mvua zinapokaribia, wanajenga kwenye mashimo ardhini, alafu kwenye mwezi wa nne wanaenda kwenye nyasi za upande wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya. Wako kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani na sababu kubwa inaeleweka, nyasi zinalimwa na kupandwa miti, na huyu ndege bila nyasi wazi hazai. Hifadhi ya Kitulo toka itangazwe mwaka 2005 imesaidia, lakini nyasi za nje ya mpaka nazo zina ndege, kwa hiyo ukikuta wanaingia kwenye shimo shambani kwako liache hilo shimo mpaka waondoke, na watoto wasilichokoe. Ukitaka kuwaona wahi kabla ya katikati ya mwezi wa nne, tafuta saa ambayo ukungu umeachia, na koti usiache maana kule juu ni kama mita 2,600.