Meza ya karanga: kwa wanaokuja kujitolea kuandaa chakula tiba

Kimbunga Freddy kilipoipiga kusini mwa Malawi mwezi Machi 2023, maporomoko yalifukia nyumba katika vitongoji vya Blantyre vilivyo ubavuni mwa milima, kama Chilobwe, mafuriko yakasomba mahindi wiki chache kabla ya mavuno, na kipindupindu kilikuwa kimeshaua watu wengi kabla hata ya mvua hiyo. Nilivuka mpaka wa Kasumulu nikitokea Mbeya wiki kadhaa baadaye, nikidhani nitawekwa mahali pa kubeba watoto, kumbe nikapangiwa meza ya kuchambua karanga za chakula tiba. Nilinung'unika kimoyomoyo kwa siku mbili. Wewe unayekuja utapangiwa meza hiyohiyo, kwa hiyo ni vyema ujue mapema kwa nini.

Chakula tiba, wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali na ambacho akina mama wa huko wanakiita chiponde, ni rojo zito ambalo katika kila kilo 100 huwa na takriban kilo 30 za unga wa maziwa, 28 za sukari, 25 za karanga iliyosagwa, 15 za mafuta ya kula, na kiasi kisichofika kilo mbili cha vitamini na madini. Maji hayamo kabisa, na hapo ndipo siri yake ilipo. Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa wodini wiki nyingi akinyweshwa maziwa maalumu, ambayo yakishakorogwa na maji huwa maskani ya vijidudu ndani ya saa chache. Rojo la karanga, lililobuniwa Ufaransa na André Briend akishirikiana na Michel Lescanne katika miaka ya 1990, na ambalo daktari Mmarekani Mark Manary alianza kuwapa watoto wa Malawi watibiwe nyumbani mwaka 2001, halina unyevu wa kutosha kwa vijidudu kuzaliana, hata likikaa kwenye nyumba isiyo na jokofu.

Sasa fikiria unatengeneza kitu kama hicho katika mji ambao kila kitu kimelowa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alifuta mdomo wa mashine ya kujazia pakiti kwa kitambaa kilichofuliwa asubuhi, ambacho bado kilikuwa kibichi kwa kuwa jua halikutoka siku hiyo. Msimamizi alisimamisha mashine na kuamuru mchanganyiko wote wa asubuhi utengwe, na hakuna aliyemsemesha mwenzetu hadi saa ya chakula, jambo ambalo nadhani lilikuwa kosa letu kubwa kuliko lake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Basi mimi nakwambia: mashine hizo husafishwa kwa brashi kavu, kwa kukwangua na kwa kupitisha mafuta ya moto. Ukinawa mikono, ikaushe mpaka katikati ya vidole ndipo uvae glavu.

Kuhusu karanga zenyewe, adui ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na kukaanga hakuiondoi. Toa punje iliyosinyaa, iliyopasuka, iliyoanza kuchipua au iliyobadilika rangi, kisha rudia baada ya kukaanga na kumenya, maana punje mbovu mara nyingi hubaki nyeusi zaidi ya wenzake. Macho huchoka upesi kuliko mikono, kwa hiyo omba kupokewa kabla hujaanza kuona kila punje ni nzuri. Usionje, hata kidogo (sote tulitamani). Na kama karanga zinakudhuru mwili, sema siku ya kwanza.

Mizani ya vitamini na madini haikabidhiwi mgeni, nawe usiitake.

Siku utakayopelekwa kliniki utaona utepe wa kupimia ukizungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto mwenye umri kati ya miezi 6 na miaka 5: mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5, anaandikishwa kwa matibabu. Hupewa kwanza pakiti moja aile mbele ya mhudumu, kwa kuwa asiyekuwa na hamu ya kula hafai kutibiwa nyumbani, hupelekwa hospitali. Mama huelezwa anyonyeshe kabla ya kumpa rojo, asilichanganye na uji, na ampe mtoto maji safi ya kunywa. Utasikia pia akiambiwa asiwagawie wengine, na usishangae akinyamaza, kwani huenda ameacha wawili wenye njaa nyumbani. Muulize habari zao kabla ya kumkumbusha.

Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kilokalori 500, na mtoto wa kilo 6 hupewa takriban mbili na nusu kwa siku. Nusu hiyo ndiyo inayoharibika. Chukua pakiti tupu, mwonyeshe mama jinsi ya kukunja mdomo wake mara mbili na kuitia ndani ya kikombe chenye kifuniko, halafu mpe naye aikunje mbele yako.