Nondo za dirisha zinapopinda: maswali yenu kuhusu macho ya utu uzima

Tangu tulipozungumza hapa kuhusu mtoto wa jicho, barua nyingi zinauliza jambo jingine. Mzee hana mtoto wa jicho, au alishatolewa, na bado kile anachokikazia macho hakionekani vizuri katikati. Nyumbani ameambiwa ni uzee tu, avumilie. Nyuma ya kauli hiyo mara nyingi kuna ugonjwa wenye jina: kuzorota kwa makula. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upana wake ni milimita tano na kidogo tu, lakini kusoma, kutunga uzi na kutambua sura ya mtu vyote vinaitegemea. Ugonjwa huu huanza zaidi kwa waliopita miaka 50. Hauumi, hauambukizi, wala haufanyi jicho kuwa jekundu, na ndiyo maana watu hukaa nao nyumbani muda mrefu mno.

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 62, ni fundi cherehani. Jicho la kulia naona nondo za dirisha zimepinda, na mshono ulionyooka naona unakwenda upogo. Ni wiki ya pili. Nimenunua miwani mpya, hali ni ile ile. Nisubiri mavuno watoto wapate nauli ya kunipeleka hospitali? – Mama fundi, Igoma

Shikamoo mama. Usisubiri mavuno. Nenda wiki hii, ikiwezekana kesho asubuhi, kliniki ya macho ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapo Mwanza. Ukifika sema maneno haya haya: "Mistari iliyonyooka naiona imepinda, imeanza ghafla." Sentensi hiyo itamfanya mhudumu akuharakishe.

Ugonjwa huu una aina mbili. Aina kavu ndiyo ya wengi: uchafu wa mafuta unajikusanya chini ya retina, chembe za makula zinachoka na kufa polepole kwa miaka. Aina ya majimaji huwapata wachache, kama mmoja kati ya wagonjwa kumi, lakini ndiyo iliyowapofusha vibaya watu wengi zaidi. Katika aina hii mishipa mipya ya damu huota chini ya retina, mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja maji na damu, retina inanyanyuka, na kitu kilichonyooka kinaonekana kimepinda. Uvujaji ukiachwa unaacha kovu, na kovu likishakaa hakuna sindano wala miwani itakayolirudisha jicho lilivyokuwa. Hizi wiki mbili zako bado ni mapema. Miezi mitatu ni habari nyingine kabisa.

Kliniki utasomeshwa herufi ukutani, jicho moja moja. Utatiwa matone ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Baada ya hapo utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, kwa hiyo nenda na mtu, vaa kofia, na usirudi peke yako kwa bodaboda. Pakiwa na mashine ya kupiga picha tabaka za retina, utaegemeza kidevu na kutazama alama, dakika chache basi. Maji yaliyojificha yanaonekana pale. Omba upimwe sukari na presha pia, kwa sababu kisukari nacho huvimbisha makula na kupindisha mistari, na matibabu yake hayafanani na haya kwa kila kitu.

Niwaombe na ninyi wengine mnaosoma: vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha tazama daftari la hesabu lenye miraba ukiwa umechora nukta katikati. Kazia macho ile nukta. Je, miraba yote iko sawa? Kuna iliyopinda, iliyofifia, au iliyotoweka? Badilisha jicho. Ukitazama kwa macho yote mawili hutagundua kitu, kwa kuwa jicho zima linamfichia mwenzake. Nimewaona watu waliopoteza jicho moja bila kujua mpaka siku kumbikumbi alipowaingia kwenye jicho lile jingine.

Shikamoo daktari. Bibi yetu ana miaka 81. Hawezi kututambua kwa sura mpaka tuongee, lakini kuku akipita pembeni anamfukuza, na anatembea mpaka ziwani bila kujikwaa. Shangazi anasema anajifanya. Sasa ameanza kusema anaona watoto wadogo wamevaa nguo za maua wamekaa ukutani, na majirani wameanza kunong'ona. Tufanyeje? – Mjukuu, Ukerewe

Marahaba mjukuu, na asante kwa kuandika kabla minong'ono haijawa kitu kingine.

Bibi hajifanyi. Makula ikichakaa, katikati ndipo panapopotea; pembeni panabaki. Kuku wa pembeni anamwona kweli, na sura yako iliyo mbele yake haioni kweli. Mwambie shangazi afunike katikati ya miwani yake kwa kipande cha plasta, kila kioo, halafu ajaribu kuchambua mchele. Ukiingia kwa bibi taja jina lako kabla hujamwamkia, umwondolee aibu ya kukisia.

Hao watoto wa ukutani ndio nataka kila mtu wa kanda hii awaelewe. Mtu akipoteza uoni, ubongo uliozoea kupokea picha huanza wakati mwingine kutengeneza picha zake wenyewe: watoto, maua, watu wafupi, nakshi za ukuta. Mwanazuoni wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari hizi mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake, mzee mwenye akili timamu ambaye macho yalikuwa yamefifia. Hali hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Picha hizo mara nyingi hazina sauti, na mzee mwenyewe akielezwa hukubali kwamba si za kweli. Si wazimu, si majini, na si uchawi.

Nasema kwa uzito kwa sababu Usukumani na visiwani tunajua yaliyowapata vikongwe. Wanawake waliopika maisha yao yote kwenye moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe waliambiwa macho yao mekundu ni alama ya uchawi, na wako waliouawa. Bibi mwenye picha za ajabu machoni anahitaji ulinzi wa familia kuliko dawa yoyote. Waiteni majirani na mwenyekiti wa kitongoji, muwaeleze mbele yake. Picha zikimjia, awashe taa, apepese macho au ayazungushe huku na huku. Mara nyingi zinapotea. Akianza kusikia sauti pia, au kupotea njia anazozijua, hapo daktari atafute sababu nyingine. Na mpandisheni meli ya Nansio aje apimwe, kwa sababu katika umri wake mtoto wa jicho anaweza kuwa amejibanza hapo hapo, na huyo anatibika.

Nimeandikiwa sindano ndani ya jicho. Naogopa kupita kiasi. Tena nimesikia dawa yenyewe ni ya saratani. Mimi sina saratani! – Mwalimu mstaafu, Sengerema

Mwalimu, shikamoo. Woga huo ni wa kila mtu, na wengi wakitoka chumbani huniuliza, "Ndiyo imekwisha?" Utatiwa matone ya ganzi, jicho litasafishwa kwa dawa ya rangi ya kahawia inayowasha kidogo, kope zitashikiliwa zisifumbe. Sindano ni nyembamba mno na inapita kwenye weupe wa jicho, pembeni, wala haichomi mboni. Utasikia msukumo. Ni sekunde chache. Siku hiyo unaweza kuona vidoa vinaelea au wekundu pale ilipopita. Hivyo huisha vyenyewe. Lakini jicho likianza kuuma sana, kuwa jekundu zaidi na kupoteza uoni siku chache baadaye, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Ni maambukizi ndani ya jicho; hutokea kwa nadra, lakini hayangoji. Kwako sasa daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna kusubiri kivuko.

Kuhusu saratani: bevasizumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Avastin, ilitengenezwa kuzuia uvimbe wa saratani usijioteshee mishipa ya damu. Mishipa inayovuja jichoni mwako inaota kwa kuchochewa na protini ile ile inayoiotesha mishipa ya uvimbe, kwa hiyo dozi ndogo sana ya dawa hiyo inaizuia. Lucentis na Eylea zilitengenezwa kwa ajili ya jicho na ni ghali zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kulinganisha Avastin na Lucentis kwa mwaka mzima: uoni wa wagonjwa ulikuwa sawasawa, wakati huko kwao dozi moja ilikuwa dola kama 50 kwa ile ya kwanza na kama 2,000 kwa ya pili. Shirika la Afya Duniani limeiweka bevasizumabu ya jicho kwenye orodha ya dawa muhimu. Ukiandikiwa hiyo, usijione umepewa dawa ya kimaskini.

Kabla ya kuanza, uliza bima yako inalipia nini, kwa sababu sindano moja haitoshi. Kawaida ni moja kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha daktari anaziachanisha kulingana na picha za retina. Katika utafiti uliotolewa 2006, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi waliochomwa Lucentis hawakupoteza uoni mwingi ndani ya mwaka, na kama theluthi uoni wao uliongezeka kwa kiasi kikubwa kuliko walipoanza. Wanaoniumiza moyo ni wale wanaopata nafuu baada ya sindano ya pili, wakasema wamepona, wakarudi mwaka unaofuata na kovu.

Pale Makoroboi kuna kijana anauza vidonge vya "kusafisha macho". Vinasaidia? – Baba Neema, Nyakato

Hakuna kidonge kinachosafisha macho. Kuna mchanganyiko mmoja uliopimwa kwa kina Marekani, matokeo yakatolewa 2001 na kuboreshwa 2013: vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini, kwa vipimo vikubwa kuliko vya vidonge vya kawaida. Kwa wenye aina kavu iliyofika hatua ya kati ulipunguza hatari ya kufika hatua mbaya kwa asilimia 25 hivi ndani ya miaka mitano. Kwa mwenye dalili za mwanzo haukuonyesha faida, kwa asiye na ugonjwa haukingi, na uoni uliopotea haurudishi. Mvuta sigara, hata aliyeacha, aepuke vidonge vyenye betakarotini, kwani vilihusishwa na saratani ya mapafu.

Hela ya yule kijana nunua mchicha, matembele, majani ya maboga, na dagaa wa Kirumba. Luteini imo kwenye mboga hizo, na kuzila hakuhitaji cheti cha daktari.

Mama mkwe anaweka maziwa ya mama anayenyonyesha na maji ya majani machoni. Yana madhara? – Mke wa kijana, Magu

Yana madhara. Ugonjwa uko nyuma ya jicho, tone la majani haliufikii, ila linaweza kuingiza vijidudu kwenye kioo cha mbele na kuacha kidonda. Mwambie kwa heshima, ukiwa na mumeo pembeni.

Nimevua dagaa miaka mingi kwa karabai, sasa tunatumia taa za sola. Je, mwanga ndio umeniharibu makula? Navuta sigara pia, lakini si nyingi. – Mvuvi, Igombe

Kaka, hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzilaumu taa. Jua la ziwani lina makosa yake, hasa kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na mtoto wa jicho. Kofia pana itakusaidia. Kwa makula, mshitakiwa mkubwa unayeweza kumfukuza ni hiyo sigara. Wavutaji wako kwenye hatari mara mbili mpaka nne ya wasiovuta, na hatari inaanza kupungua ukiacha. "Si nyingi" ni ngapi? Andika kila unayowasha kuanzia leo, uende na karatasi hiyo kliniki.

Baba ameambiwa aina kavu imefika mbali na hakuna dawa. Ndiyo basi? – Binti yake, Buswelu

Maneno "hakuna dawa" yalitakiwa kufuatwa na maneno mengine, pole kwa kutoyasikia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha sindano mbili zinazopunguza kasi ya aina kavu ya hatua ya mwisho. Hazirudishi uoni, na hazijawa tiba ya kutegemea huku kwetu. Cha kufanya leo kiko nyumbani.

Baba hatakuwa gizani kabisa kwa ugonjwa huu, pembeni patabaki. Mfundishe kutazama kidogo kando ya kitu ili akione kwa sehemu iliyo hai. Taa iwe karibu na kitabu, itoke nyuma ya bega. Omba kliniki wampime lenzi ya kukuzia. Simu iwekewe herufi kubwa na sauti ya kusoma ujumbe, na namba yake ya siri ya pesa za simu aifahamu yeye na mtu mmoja tu anayemwamini, kwa sababu wazee wasioona vizuri wanaibiwa na watu wa karibu. Chai mimina kwenye kikombe cheupe, uji kwenye bakuli la rangi iliyoiva. Ngazi ya mlangoni ipige mstari wa rangi ya njano. Jicho lake la pili lipimwe kwa daftari la miraba kila wiki, maana aina kavu inaweza kugeuka kuwa ya majimaji, na hapo dawa ipo.

Mama anao. Mimi nina miaka 38. Nitaupata? – Nyegezi

Hatari yako ni kubwa kuliko ya asiye na ndugu mwenye ugonjwa, lakini si lazima uupate. Kwa sasa angalia presha, usivute. Ukifika 50 pimwa nyuma ya jicho kwa matone, kisha daktari akupangie lini urudi. Mistari ikipinda kabla ya hapo, usihesabu miaka, nenda.