Je, wasoshalisti walikuwa na dawa moja ya Mdororo Mkuu?

Ndugu, umeuliza kwa ajili ya insha yako kama serikali za kisoshalisti zilikuwa na dawa moja ya Mdororo Mkuu, yaani kuporomoka kwa uchumi wa dunia miaka ya 1930. Hapana. Ziweke Uingereza na Uswidi bega kwa bega, utaona.

Agosti 1931, mawaziri wa chama cha Labour chini ya waziri mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, waligawanyika kuhusu kupunguza posho ya wasio na kazi kwa asilimia 10. Hebu fikiria: chama cha wafanyakazi kinajadili kumkata hela ya mkate mtu asiye na ajira, ili pauni ibaki kwenye dhahabu, yaani iendelee kubadilishwa kwa dhahabu kwa kiwango kilichowekwa! Serikali ikaanguka, na mwezi uliofuata pauni ikaachana na dhahabu vilevile. Hilo huniuma kila nikilisoma.

Kule Uswidi, Ernst Wigforss, waziri wa fedha kuanzia 1932, alikopa ili watu waajiriwe kwenye kazi za umma, kwa ujira wa soko. Mwaka 1933 chama chake, cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia, kikapatana na chama cha wakulima: wakulima walindiwe bei ya siagi, wasio na ajira wapate kazi. Ila usimpe sifa zote za uchumi kuinuka; krona, sarafu ya Uswidi, iliyoshuka thamani tangu 1931 ilisaidia sana mauzo ya nje. Ufaransa ya waziri mkuu msoshalisti Léon Blum, 1936, itoshe aya moja kwenye insha yako.