Simu Inashika, Laptopu Inagoma

Kuna usiku mmoja wa mwaka 2023 nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye korido, nimepakata laptopu, kwa sababu hapo tu ndipo Wi-Fi ilipokuwa ikishika. Kazi ilikuwa tafsiri ya kurasa 40 na mteja aliitaka kabla ya saa sita usiku. Faili linapanda hadi asilimia 80, linakatika. Linaanza upya. Chumbani mwanangu anaangalia mpira kwenye simu, picha haigandi hata sekunde moja, na ruta ni ile ile. Nikamwambia azime, nikidhani ndiye anayenimalizia mtandao. Akazima. Faili likakatika tena.

"Mama, si mtandao. Ni hiyo kompyuta yako," akasema bila hata kuinua kichwa.

Ilinichukua miezi miwili na fedha za kutosha kukubali kwamba mtoto wa darasa la saba alikuwa sahihi.

Katika miezi hiyo nilifanya karibu kila kosa linaloweza kufanyika. Nilipandisha kifurushi hadi cha bei kubwa zaidi. Simu zikazidi kwenda mbio, laptopu ikabaki pale pale. Nilipiga huduma kwa wateja mpaka nikaukariri wimbo wao wa kusubirisha watu. Wakamtuma kijana, akapima kwa simu yake, akanionyesha: "Dada, mbona iko vizuri?" Nikamwona mwongo. Nikaipeleka laptopu kwa fundi mmoja ambaye, kabla hata ya kuiwasha, alisema tupige Windows upya. Tukapiga. Shilingi 20,000 zikaenda, na picha za harusi ya mdogo wangu, ambazo sikuwa nimezihifadhi kwingine, zikaenda nazo. Wi-Fi ikapona siku moja na nusu, au pengine ni mimi niliyetaka iwe imepona.

Nilichokuwa nakosea ni namna ya kusema. Nilisema "intaneti inasumbua" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe safari ina vipande viwili. Cha kwanza ni kutoka kwenye laptopu hadi kwenye ruta: hewani, mita chache, ndani ya nyumba yako. Cha pili ni kutoka kwenye ruta kwenda duniani, kwa faiba au kwa mnara wa simu. Mtu anayelalamika intaneti mbovu bila kujua ni kipande kipi anafanana na anayelaumu foleni ya Ubungo kwa kuchelewa kazini, na bado hajatoka getini kwake.

Kuvitenganisha vipande hivyo hakuhitaji fundi wala programu ya kununua. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway: hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingawa ya kwangu ni 192.168.100.1. Sasa andika ping -t ikifuatiwa na namba hiyo: kompyuta itakuwa inaibisha hodi anwani hiyo tena na tena, na kukuonyesha jibu limechukua muda gani. Fungua dirisha jeusi la pili, andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google na iko nje kabisa ya nyumba yako. Yapange ubavu kwa ubavu, uendelee na kazi zako huku ukiyatupia jicho. Ukichoka, Ctrl na C husimamisha.

Ruta iliyo chumba cha pili inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde chache: 2, 3, 5. Ikiruka mara moja moja hadi 30 si neno. Lakini ukiona 4, halafu 380, halafu 1200, halafu Request timed out mara tatu mfululizo, tatizo liko ndani kwako na hakuna kifurushi kitakachokuponya. Ruta ikijibu vizuri huku 8.8.8.8 ikinyamaza, hapo sasa piga simu, tena piga kwa kujiamini. Zote mbili zikijibu lakini tovuti hazifunguki, shuku DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 mahali pa DNS, ujaribu tena.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na Afrika Mashariki karibu nzima ikabaki inasuasua, majirani walikuwa wanazima na kuwasha ruta tangu asubuhi. Mimi nilipiga ping zangu mbili, ruta ikajibu kwa milisekunde 3, nje kukawa kwa kubahatisha. Nikafunga laptopu nikaenda kupika. Hiyo peke yake imenilipa gharama zote za miezi ile miwili.

Basi tuseme umegundua ni kipande cha kwanza. Usikimbilie mipangilio. Chukua simu, iweke pale pale ilipo laptopu, kwenye Wi-Fi ile ile, ufungue video. Simu ikikwama pia, mkosaji ni ruta au mahali ilipo. Simu ikienda bila wasiwasi, mkosaji ni laptopu. Mwanangu alifanya uchunguzi huu kwa kutazama tu.

Kwa upande wa ruta sitakaa sana. Nyumba zetu ni za tofali za inchi sita na nguzo za zege, na mawimbi ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi, ndiyo yanayoshindwa haraka kupenya kuta hizo. Ya gigahezi 2.4 yanafika mbali, ila huko kuna msongamano: Bluetooth iko huko, mikrowevu inavuja huko, na Wi-Fi za majirani wote ziko huko. Kwenye ghorofa letu niliwahi kuhesabu mitandao 19. Ukiingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta (andika ile anwani yake kwenye kivinjari), kwa 2.4 chagua chaneli, yaani njia ndani ya masafa hayo, ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Angalia majirani wamejazana ipi, wewe nenda nyingine. Na kama ruta yako inatumia jina moja kwa masafa yote mawili, yape majina tofauti ili ujue umeshika lipi. Mengine ni ya macho tu: usiifiche nyuma ya televisheni, usiiweke sakafuni, usiifungie kabatini. Mama mkwe wangu aliifunika ya kwetu kwa kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, kwa kuwa vitaa vyake vilimsumbua usiku. Mawimbi hayakudhurika, ila ruta ilikuwa ya moto kama pasi. Tulizungumza kwa heshima, na kitambaa sasa kiko juu ya friji.

Kwa upande wa laptopu, kinachoongoza ni kubana umeme. Windows ina ruhusa ya kuizima kadi ya Wi-Fi, kile kipande cha ndani kinachopokea na kutuma mawimbi, ili kuokoa betri, na baadhi ya kadi zikilazwa haziamki vizuri. Dalili yake ni kwamba mtandao unakatika ukiwa umechomoa chaji, au ukiiacha kompyuta dakika kadhaa bila kuigusa. Bonyeza kulia kitufe cha Windows, ingia Device Manager, kisha Network adapters, bonyeza mara mbili jina la kadi yako, nenda Power Management, uondoe tiki kwenye sentensi inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Baadhi ya laptopu za kisasa hazina kichupo hicho. Hapo angalia mipangilio ya umeme ya Windows. Kwa rafiki yangu mmoja mhasibu, tiki hiyo moja ndiyo ilikuwa ugonjwa wote. Alikuwa ameshaanza kutafuta laptopu nyingine.

Cha pili ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Kama shida ilianza siku mbili tatu baada ya Windows kujisasisha, humo humo Device Manager, kwenye kichupo cha Driver, kuna Roll Back Driver inayorudisha ya zamani. La sivyo, pakua mpya kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, si kwenye tovuti zile zinazojidai zitakusasishia kila kitu bure. Wi-Fi ikigoma kabisa, chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, utapata mtandao wa kupakulia.

Cha tatu watu wengi hawakiamini nikiwaambia. Dada yangu alikuwa analalamika kwamba kila akihamisha picha kwenye diski ya nje, Wi-Fi inakufa. Tulicheka. Kumbe vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, Intel walichapisha waraka juu ya jambo hilo mwaka 2012. Alihamia gigahezi 5, akaanza kutumia waya mrefu kidogo ili diski ikae mbali na kompyuta. Yakaisha.

Yangu hayakuisha. Nilitoa tiki, nikabadili draiva, nikabadili chaneli, na ping ya ruta bado ilikuwa inarukaruka kama chura. Ndipo nikaijua amri ninayoipenda kuliko zote: netsh wlan show interfaces. Iandike kwenye dirisha jeusi, utafute mstari wa Signal. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwenye ruta, naiona, naweza kuigusa kwa mguu. Simu ilikuwa imejaa vistari vyote. Laptopu ikaandika asilimia 38. Kwa umbali ule inatakiwa iwe tisini na kitu. (Mwenye Mac ashikilie kitufe cha Option huku akibonyeza alama ya Wi-Fi, asome RSSI, yaani nguvu ya mawimbi: -50 ni nzuri sana, -80 ni kilio.)

Nikaanza kucheza na kioo. Nikikiinamisha mbele, 38. Nikikilaza nyuma, 61. Nikikigusa kidogo, mtandao unakata. Hapo nikakumbuka kwamba miezi mitatu kabla bawaba ya kioo ilikuwa imepasuka na nilimpa fundi aitengeneze. Korido haikuwa na baraka yoyote, basi. Pale nilikuwa nimeegemea ukuta na kioo kimelala nyuma.

Hiki ndicho ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kwenye laptopu nyingi antena za Wi-Fi hazipo kwenye kadi. Zimelazwa juu, pembezoni mwa kioo, na nyaya zake nyembamba zinashuka kupitia kwenye bawaba hadi kwenye kadi iliyo chini ya kibodi. Kwa kawaida ni mbili, aghalabu moja nyeusi na nyingine nyeupe, kila moja ikiwa na kichwa cha shaba kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kinachobanwa kwa kidole hadi kilie "tik". Ukifungua kioo bila uangalifu, kichwa kinachomoka au waya unabanwa na bawaba. Laptopu itawaka, itaona mitandao ya karibu, itaunganishwa. Ila itakuwa inasikia kama mzee mwenye pamba masikioni.

Nilimpelekea fundi mwingine, Kariakoo, mzee mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Nikamweleza juu ya 38 na 61. Hakutaja Windows. Akafungua mfuniko wa chini, akainua taa, akaniita nitazame. "Unaona, binti? Huyu mweupe amechomoka. Na huyu mweusi amebanwa hapa." Akaupitisha waya mweusi njia yake, akabana vichwa vyote viwili, tik, tik. Dakika 20. Akanitoza shilingi 15,000, nikaongeza 5,000 ya soda.

Nyumbani Signal ikasoma 94. Nikarudisha kifurushi cha bei ndogo mwezi huo huo. Yule kijana wa kampuni niliyemwona mwongo sina namba yake, ningemwomba radhi.

Tangu hapo, yeyote ninayemjua akipeleka laptopu kubadilishwa kioo, bawaba au kibodi, namwambia kabla ya kwenda aiweke mita moja kutoka kwenye ruta yake, apige ile amri, aandike asilimia kwenye karatasi. Akienda kuichukua, awashe hotspot ya simu, aiweke mwisho wa meza ya fundi, apige tena kabla hajatoa hela. Ikisoma chini ya 60 kwenye umbali wa meza, amrudishie fundi afungue upya pale pale, bisibisi ikiwa bado mkononi.