Jibu: Solenoidi ya kupigia ngoma inatikisika tu, Arduino inazima

Mkuu uliyeuliza kutoka Nyakato kwa nini solenoidi (koili ya umeme inayosukuma chuma) inatikisika tu bila kupiga ngoma, na Arduino (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) inazima: programu yako haina kosa. Umechomeka solenoidi ya volti 12 moja kwa moja kwenye pini ya Arduino Uno, na pini hiyo mwisho wake ni miliampia 40. Solenoidi ya kupiga ngoma mara nyingi inataka ampia nzima au zaidi.

Weka MOSFET (swichi ya kielektroniki) katikati ya pini na solenoidi, inayofunguka kwa volti 5, mfano IRLZ44N. Solenoidi ipate pawasaplai yake, graundi (upande hasi) yake na ya Arduino ziunganishwe. Dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) iwe sambamba na koili ya solenoidi, mstari mweupe upande wa chanya. Usiiruke hiyo: koili ikikatiwa umeme hurusha volti kali zinazoua MOSFET.

Nguvu ya pigo ni muda wa kuwasha solenoidi. Anza na milisekunde 20, panda taratibu. Ukizidisha, kifimbo kinagandamiza ngozi na mlio unakufa. Springi ya kukirudisha iwe imara. (Loki ya umeme ya mlango wa gari, ya mtumba, inapiga pia, ila midundo ya haraka inaishinda.)

Kwa ngoma kubwa ya bugobogobo (uchezaji wa Wasukuma), funga kifimbo kirefu kwenye bawaba, solenoidi isukume karibu na bawaba. Mvua zikianza ngozi italegea, kwa hiyo acha skrubu ya kurekebishia umbali wa kifimbo na ngozi.