Karai la Nanyuki limeupa mlima mgongo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni ukweli gani kuhusu dunia ambao ukiusema mbele za watu wanakucheka? Wangu sihitaji kuutafuta, maana nimechekwa kwa ajili yake miaka mingi. Kilele cha Mlima Kenya kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest. Kinauzidi kwa kilomita moja hivi. Kilimanjaro ndiyo usiseme: inauzidi kwa kama kilomita 1.7.

Mimi ni dereva wa watalii. Njia ya Nanyuki nimeipita hadi mashimo yake nayajua kwa majina, na kila safari lazima nisimame penye kibao cha Ikweta, kwa sababu wageni wanataka picha, na kwa sababu pana kijana mwenye karai. Aliyewahi kupita pale anamjua. Karai lina tundu chini. Analiziba kwa kidole, anajaza maji, anaweka njiti ya kiberiti ielee. Anakwenda hatua ishirini kaskazini, anaachia kidole, njiti inazunguka upande huu. Anakwenda hatua ishirini kusini, inazunguka upande ule. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka moja kwa moja na njiti imetulia tuli. Wageni wanapiga makofi, wananunua cheti cha kuvuka Ikweta, tunawasha gari. Kule Uganda, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, mchezo ni huo huo.

Nao ni mchezo kweli. Sisemi hivyo kumharibia kijana riziki. Wageni wanaambiwa ni mzunguko wa dunia unaoyageuza maji, lakini dunia inajizungusha mara moja tu kwa siku, na karai linaisha maji kwa dakika moja. Maji kiasi hicho yanafuata mkono uliomimina na namna mwenye karai alivyogeuka, hayana habari na dunia. Tena hatua ishirini kutoka Ikweta ndipo hasa nguvu hiyo ya mzunguko ya kugeuza vitu inapokaribia kuwa sifuri. Anayetaka kuiona ikifanya kazi aangalie tufani. Idai, ile iliyoipiga Beira Machi 2019, ilizunguka kwa kufuata mishale ya saa, kama tufani zote za kusini. Za kaskazini zinazunguka kinyume. Na penye Ikweta yenyewe tufani hazizaliwi, jambo ambalo sisi wa huku tungepaswa kulishukuru zaidi ya tunavyofanya.

Kinachonikera ni kwamba wakati anafanya mambo yake, kijana ameupa mgongo Mlima Kenya.

Dunia haikuviringana sawasawa. Imevimba kiunoni, kwa sababu inazunguka. Sisi tulio kwenye Ikweta tunakimbizwa kuelekea mashariki kwa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa bila kumwaga chai, wakati mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini anageuka tu alipo. Mwendo huo ndio uliotanua kiuno. Kutoka kitovu cha dunia hadi usawa wa bahari kwenye Ikweta ni kilomita 6,378. Ukipimia kwenye ncha unapata 6,357. Hizo 21 zilizozidi ni zaidi ya Everest mbili, moja juu ya nyingine. Everest uko kaskazini, nyuzi 28 kutoka Ikweta, mahali ambapo kiuno kimeshaanza kupungua. Mita zake 8,849 zinaanzia chini. Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, kinaanzia juu ya uvimbe wenyewe. Ni kama mtu mfupi aliyesimama juu ya meza. Usitarajie tu kuuona uvimbe huo kwa macho: dunia ingekuwa mpira wa kandanda, usingefika hata milimita moja.

Jinsi watu walivyogundua ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu walioanza hawakuwa wakitafuta umbo la dunia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, si mbali na Ikweta, kutazama sayari. Alikuwa na saa ya pendulumu, ile yenye uzito unaobembea. Saa iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa kule dakika mbili na nusu kila siku. Mtu mwingine angeilaani saa. Yeye alifupisha fimbo ya pendulumu kwa milimita chache ikaenda sawa, na akaandika alichokiona. Mwingereza Newton, mwanasayansi, alipoipata habari hiyo alielewa: kule Cayenne uzito unavutwa chini kwa nguvu ndogo zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1687 akaeleza kwamba dunia imebonyea kwenye ncha na kuvimba katikati.

Wafaransa hawakukubali haraka. Akina Cassini, wapimaji wakubwa wa Paris, walishikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kama yai lililosimama. Ubishi ukawa wa kitaifa, ikabidi watu watumwe kwenda kupima. Mwaka 1735 La Condamine, Bouguer na Godin walitumwa milima ya Quito, nchi ambayo leo inaitwa Ekuador, yaani Ikweta. Mwaka uliofuata mwenzao Maupertuis alikwenda Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwenye baridi. Kazi yao ilikuwa moja: kupima urefu wa nyuzi moja ya latitudo ardhini. Dunia ikiwa imebonyea kwenye ncha, nyuzi ya kaskazini itakuwa ndefu zaidi. Maupertuis alirudi baada ya mwaka mmoja na jibu. Wale wa Quito walikaa milimani karibu miaka kumi, wakagombana wao kwa wao, wakarudi na jibu lile lile wakati ubishi umekwisha. Newton hakuyaona hayo, alikuwa amefariki tangu 1727.

Huko huko Ekuador kuna Chimborazo, mita 6,263. Kwa muda mrefu Wazungu waliamini kwamba ndio mlima mrefu kuliko yote duniani, na mtafiti Mjerumani Humboldt alipoupanda mwaka 1802, akashindwa kufika kileleni, aliamini yuko juu ya mlima wa kwanza duniani. Baadaye milima ya Himalaya, kuliko na Everest, ilipopimwa, Chimborazo ukashushwa. Lakini ukipima kutoka kitovuni, kilele chake ndicho kilicho mbali kuliko vyote, kilomita 2 zaidi ya Everest.

Hapo ndipo madereva wenzangu huingilia. "Mzee, kama huku tuko juu, mbona maji yote ya dunia hayateremki kwenda kwenye ncha?" Swali zuri kuliko wanavyodhani. Hayateremki kwa sababu bahari yenyewe imevimba pamoja na dunia, na "juu" kwa fundi mwashi ni kule timazi inakotoka, si umbali kutoka kitovuni. Ndiyo maana Everest unabaki kuwa mlima mrefu kuliko yote kutoka usawa wa bahari, na simnyang'anyi mtu. Ndiyo maana pia Mississippi kule Marekani unatiririka vizuri kuelekea kusini huku mdomo wake ukiwa mbali na kitovu kuliko chanzo chake kwa karibu kilomita 6. Mto Naili, unaotoka kwetu kwenda kaskazini, unasogea karibu na kitovu kwa kilomita 7, ingawa Ziwa Viktoria liko mita 1,134 tu juu ya bahari.

Faida yake kwetu? Gunia la mahindi la kilo 90 likining'inizwa kwenye mizani ya springi iliyorekebishwa kwenye ncha ya kaskazini, huku Ikweta lingesoma pungufu kwa karibu nusu kilo. Mizani ya mawe haidanganyiki, maana mawe nayo yamepungukiwa. Madalali wetu, lakini, hukata zaidi ya hiyo bila msaada wa Newton.

Faida ya kweli waliiona Waitaliano, waliosimamisha jukwaa baharini karibu na Malindi. Roketi inayorushwa karibu na Ikweta kuelekea mashariki inapewa msukumo wa bure na dunia. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru.

Yule kijana wa karai nilimsimulia haya yote siku moja ya mvua, wageni hawapo. Siku hizi ameingiza mlima katika maneno yake, anauonyesha kwa kidole chenye maji. Ila anawaambia ni mrefu kuliko Everest. Nimemsahihisha mara tatu: si mrefu zaidi, uko mbali zaidi. Anasema wageni hawana muda wa tofauti hiyo, gari linanguruma.