Milimita 4 Zilizonitoa Jasho: Kupima Misuli ya Miguu ya Bibi Zetu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Malindi, mwanafunzi wa picha za tiba, aliniandikia akilalamika: "Dada, nawapima akina bibi misuli ya paja kwa altrasaundi, lakini kila nikirudia napata jibu jingine. Je, mashine ni mbovu?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa swali hilo hilo niliwahi kumwuliza msimamizi wangu, naye akanijibu mbele ya wenzangu wote kwamba kibovu kilikuwa mkono wangu. Miaka imepita na neno lile halijanitoka moyoni. Hata hivyo, alisema kweli.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Lamu na mashine ndogo ya kuazima, nikiwa na hakika kwamba ningepata utafiti wa kujivunia, jambo ambalo bila shaka kila anayesoma hapa analitamani. Nilianza mtaa wa Langoni, kwa bibi jirani yetu aliyepita miaka 70, ambaye ngazi za nyumba yake ya mawe zilikuwa zimeanza kumshinda. Jumatatu misuli ya mbele ya paja lake la kulia ilikuwa na unene wa milimita 21. Alhamisi nikapata 17. Misuli ya mtu anayekula na kutembea haipotei kiasi hicho kwa siku tatu.

Ili uone ukubwa wa kosa hilo, tazama kazi ya daktari mtafiti Maria Fiatarone na wenzake iliyochapishwa Marekani mwaka 1990. Wazee wa miaka 90 hivi walinyanyua uzito kwa wiki 8, nguvu za miguu yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174, ilhali eneo la misuli ya katikati ya paja, lililopimwa kwa skani ya CT (eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande), liliongezeka kwa asilimia 9 tu. Kosa langu lilikaribia asilimia 20. Bibi yule jirani angefanya mazoezi kama yale, faida yake yote ingemezwa na kiganja changu.

"Mwanangu, wanipima au wanikanda?" aliniuliza mara ya tatu. Hapo ndipo nilipoitazama skrini kwa makini: kila nilipokandamiza, utando mweupe wa juu ulishuka kuuelekea mstari mng'avu wa mfupa, na nyama iliyo kati yake ikatandazika kama donge la chapati chini ya mti wa kusukumia. Tangu siku hiyo humwaga jeli mpaka ionekane kama tabaka jeusi juu ya ngozi, nami hukishika kifaa, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, kana kwamba nimeshika yai.

Tatizo la pili alilitatua bibi mwenyewe. Nilikuwa nikitafuta katikati ya paja, baina ya nundu ya mfupa wa nyonga na goti, kwa futi ya fundi cherehani, kisha nikitia alama ya kalamu. Kuoga kuliifuta, nami nikawa nakisia, na ukisogea sentimita 2 tu unakutana na unene mwingine. Bibi akamwita mjukuu wake, aliyekuwa akipakwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kwa ajili ya harusi, akamwamuru anitilie nukta moja pale pale. Nukta ile ilidumu zaidi ya wiki.

Basi, mdogo wangu, usikandamize. Mlaze mtu dakika 10 au zaidi kabla ya kuanza, kwa sababu maji ya mwilini huhama akilala. Kisimamishe kifaa wima, na usiguse kipimo cha mwangaza wala cha kina kati ya mtu na mtu, maana weupe ndani ya misuli ndio dalili ya mafuta na nyuzi zilizochukua nafasi ya nyama, nawe unaweza kuutengeneza weupe huo kwa kidole chako. Funga mlango, mfunike kanga, uache wazi pale unapopima tu. Na usikandamize, narudia kwa kuwa ninyi vijana mnazikimbilia takwimu kabla hata ya kumwamkia mwenye paja.

Mwezi uliopita nilimpima tena bibi yule siku tatu tofauti: 18, 18, na 18 na nusu. Nilimtumia msimamizi wangu picha zote tatu. Hajanijibu mpaka leo.